Kitanda Hakikati Kona

Mume wangu Crispus Mwandawiro alikuwa mtu mpole, na upole wake ulinitesa. Mimi nikigombana, kijiji kizima hujua. Yeye akikasirika hunyamaza, hutafuta penseli, huichonga polepole kwa kisu, na ukiona hivyo ujue hapo hapana kurudi nyuma. Nimekaa naye miaka mingi na sijawahi kumshinda siku aliyochonga penseli. Wazungu wa Chama nao hawakumshinda, na wale walikuwa na sheria, muhuri na gari.

Mimi ni Tryphena. Wacha nieleze vile ilivyokuwa, maana siku hizi hapa Bura kila mtu ana hadithi yake, eti Crispus alimpiga Mzungu kofi. Uongo mtupu. Hakumpiga mtu. Mzungu alikanyaga jivu, basi.

Crispus alikuwa mchora ramani za nyumba. Aliingia ofisi moja ya ujenzi pale Voi mwaka 1944, akaajiriwa kufagia. Ofisi yenyewe siitaji jina, maana hasira zangu hazijaisha na nikianza nitasema mengi. Alifagia huku akitazama meza za wachoraji, akaokota karatasi zilizotupwa, akazinyoosha kwa pasi yangu ya makaa, akafuatisha mistari usiku na mchana mpaka mkono ukazoea. Ilipofika mwaka 1950 ndiye aliyekuwa akichora karibu kila kitu kilichotoka pale: nyumba za wafanyakazi, maduka, bohari, madarasa. Lakini kila ramani ina kisanduku chake chini, kwenye pembe ya kulia, panapoandikwa aliyechora. Humo liliandikwa jina la mkubwa. Crispus hakusema neno. Mimi ndiye niliyekuwa nasema kwa niaba yake, jikoni, na sufuria ndizo zilizonisikia.

Alikuwa na tabia moja iliyowachekesha wenzake. Kabla hajagusa karatasi, aliichora nyumba chini kwanza, ukubwa wake kamili, kwa jivu la jikoni. Hapa ukuta, hapa mlango, hapa dirisha. Halafu anawaita watu watakaoitumia waingie, watembee, wafanye kazi zao. Mwenye duka ajifanye anauza. Mwalimu asimame mbele ya watoto. Ukikanyaga jivu, umegonga ukuta, na Crispus anaandika. Jirani zetu walimwona kama mtu aliyepungukiwa kidogo. Mimi nilichoka kuomba jivu kwa kila jiko.

Sasa mwaka 1955 watu wa huku juu tukaamua kujijengea nyumba ya akina mama ya kujifungulia. Ni lazima niseme kwa nini, ingawa sipendi kuisema. Siku hizo mama akishikwa na uchungu ukawa mgumu, alilazwa kwenye kitanda cha kamba, miti miwili mirefu ikafungwa ubavuni, wanaume wanne wakambeba kushuka mlima mpaka barabarani, wakangoja lori la kwenda Voi. Mimi nilibebwa hivyo mwaka 1951. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa njiani, penye mawe, mvua ikininyeshea usoni. Alikuwa wa kiume. Alilia mara moja. Tulipofika barabarani alikuwa amekwisha kufa, na dereva wa lori akatuuliza kama bado tunasafiri. Niliumia, na bado naumia, na sitaki mtu aniambie pole kwa sauti ndogo.

Basi tukakusanya mawe. Wanawake tulibeba mchanga kutoka mtoni, wanaume wakapasua miamba, na Mzee Gibson, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, akatembea nyumba kwa nyumba akisumbua watu hadi wakamkimbia wakimwona. Crispus akapewa kazi ya kuchora. Siku ya jivu alikuja shangazi yangu Dinah, mkunga wetu, aliyewapokea watoto wa vijiji vitatu. Alilala kitandani kwa hiari yake, wanaume wanne wakamwinua, wakaingia kwenye nyumba ya jivu. Walipofika ndani, ujia ulikuwa na kona. Kitanda na miti yake ni zaidi ya futi tisa. Wa mbele wakakunja, wa nyuma wakakwama, mguu wa mmoja ukakanyaga jivu, Shangazi akateleza nusura aanguke.

"Mwandawiro!" alifoka akiwa amening'inia. "Unataka kuniua kabla sijazeeka?"

Crispus akafuta kona kwa kiatu chake. Akachora upya: mlango mpana futi sita, hauna ngazi, na ujia ulionyooka kutoka mlangoni mpaka chumba cha kujifungulia. Wakabeba tena. Kitanda kikaingia moja kwa moja bila kusimama. Shangazi Dinah akashuka, akapangusa gauni, akasema hapo sawa. Jioni ile Crispus akaihamisha nyumba kutoka kwenye jivu kwenda kwenye karatasi, na katika kisanduku cha pembeni akaandika jina lake mwenyewe kwa mara ya kwanza. Kazi hii haikuwa ya ofisi. Ilikuwa yetu.

Hapo ndipo Chama kilipoingia.

Kilikuwako Chama cha Wachora Majengo, makao yake Mombasa, na wanachama wote walikuwa Wazungu isipokuwa Wahindi wawili waliokaa mwisho wa meza. Kila mwaka kilituma waraka katika ofisi zote za ujenzi kueleza mambo ambayo kingeyashughulikia mwaka huo. Crispus alinisomea ule wa 1956 nikipika, akitafsiri polepole. La kwanza, kulinda hadhi ya kazi. La pili, kuwakomesha watu wasioandikishwa wanaojifanya wachoraji. La tatu, karamu ya mwaka katika hoteli ya pwani, wanachama waje na wake zao, mavazi rasmi. La nne, kuwatembelea watu wa mashambani na kukagua wanavyojenga.

"La pili hilo ni wewe," nikamwambia.

"La tatu pia ni mimi," akasema. "Jitayarishe, Mama Alice. Ushone gauni."

Alice ni binti yetu, aliyezaliwa salama mwaka 1953, kwa sababu nilihamia Voi miezi miwili kabla na kungoja huko. Tulicheka sana na huo waraka. Kicheko kikaisha mwezi uliofuata, ramani yetu tuliyoipeleka kuombea kibali iliporudishwa. Kanuni zilisema kila jengo la umma lazima ramani yake ipigwe muhuri na mwanachama wa Chama, na mtu asiyeandikishwa hawezi kuandika jina lake kama mchoraji. Pamoja nayo ilikuja barua ya mkubwa mmoja wa Chama. Huku tulimwita Bwana Rula, kwa vile alipofika Voi alikuwa na rula mkononi hata wakati wa chai. Aliandika kwa adabu sana. Alisema kazi ni nzuri kwa mtu wa namna yake, hivyo hivyo alivyoandika, na kwamba yuko tayari kuipiga muhuri bure kabisa, kama msaada, mradi jina la Crispus liondolewe na lake liwekwe.

Haki ya Mungu, nilifurahi. Nakiri. Nilimwambia atie sahihi kesho yake.

"Sitii," akasema Crispus.

"Hutii nini? Jina linaliwa? Jina litamzalisha nani?"

"Ramani ni yangu."

"Na ofisini Voi ramani si zilikuwa zako? Miaka yote hii umenyamaza, leo ndipo unapata ulimi? Leo, wakati wanawake wanangoja?"

Akatafuta penseli. Nilipomwona anaichonga nilitupa mwiko chini, nikamwambia maneno ambayo mke hafai kumwambia mumewe. Nilimwambia mtoto wetu alikufa juu ya mawe, na yeye anapigania herufi kwenye pembe ya karatasi. Alisimama, akatoka nje, akakaa kwenye jiwe letu la kusagia mpaka giza likaingia. Hatukusemezana siku nne. Mzee Gibson alikuja kuamua, tukamfukuza sote wawili, kila mtu kwa sababu yake.

Siku ya tano, bila kumwambia Crispus, mimi na Mzee Gibson tukamwandikia Bwana Rula. Tukasema kamati inakubali aweke jina lake. Ndiyo, nilifanya hivyo. Anayetaka kunilaumu na angoje zamu yake, nimejilaumu mwenyewe kwanza.

Ramani ikarudi baada ya wiki sita, ina muhuri mwekundu na jina la Bwana Rula limeandikwa vizuri. Nikamtuma mtu amwite Shangazi Dinah tuifurahie. Shangazi hakujua kusoma, lakini ramani za Crispus alizijua kwa sababu alishazitembea. Aliiweka mezani, akaifuata kwa kidole kutoka mlangoni.

"Hapa ni nini?" akauliza.

Nikatazama. Mlango ulikuwa umehamishiwa upande wa barabara ili wageni wa magari wauone vizuri, ukawekewa ngazi nne na nguzo mbili nyembamba za urembo. Na ujia. Ujia ulikuwa na kona mbili, upana wake futi tatu na nusu. Bwana Rula alikuwa amechukua ujia wa zahanati fulani ya mjini, ambamo wagonjwa huingia kwa miguu yao, akaupachika ndani ya nyumba yetu.

Nilikaa chini. Sikulia, nilikasirika mpaka masikio yakaziba. Hapo ndipo nilipomwelewa mume wangu, na nikaona aibu. Nilikuwa nimefikiri jina ni fahari tu. Kumbe mwenye jina pale pembeni ndiye mwenye kona. Jina likiwa la Crispus, Shangazi Dinah akifoka, kona inafutwa kwa kiatu. Jina likiwa la Bwana Rula, utafoka mpaka Mombasa na hatakusikia, na wanaume watakwama mle ndani na mama juu ya kitanda.

Nikaenda shambani alipokuwa akipalilia, nikampa karatasi. Nikamweleza kila kitu, na barua pia. Aliisoma, akaikunja.

"Baba Alice, nisamehe," nikasema.

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini wewe na Mzee Gibson mtaniletea jivu. Jingi."

Maana kwenye ule waraka kulikuwa na lile jambo la nne. Mwezi wa Julai Chama kingekuja kukagua mashambani, na Bura ilikuwa kwenye orodha, kwa sababu Bwana Rula alitaka kuwaonyesha wenzake nyumba aliyowachorea wenyeji bure.

Walikuja watatu kwa gari moja, Bwana Rula mbele, na wengine wawili waliovaa kofia kubwa. Watu walikuwa wamejaa, tukawaimbia kidogo, tukawapa chai ya maziwa. Kisha Mzee Gibson, ambaye Kiingereza chake alikuwa amekihifadhi tangu shule kwa ajili ya siku kama ile, akawaambia kuwa wenyeji wana desturi yao ya kuitembea nyumba kabla haijajengwa, na wangefurahi sana wageni wakiitembea pamoja nao. Wakapendezwa. Mmoja akatoa kamera.

Pale uwanjani Crispus alikuwa amechora nyumba ya Bwana Rula, futi kwa futi, kutoka kwenye karatasi yenye muhuri. Hakuongeza wala kupunguza kitu. Ngazi alizipanga kwa mawe, nguzo kwa magogo. Nami nikalala kwenye kitanda cha kamba. Nilikuwa na mimba ya miezi saba, nikajifunika shuka.

"Mama huyu ameshikwa na uchungu," Shangazi Dinah akasema. "Nani atambeba?"

Wanaume wetu wote wakaangalia milima. Hakuna aliyesogea. Mutiso peke yake ndiye aliyejitokeza, fundi seremala wa kutoka Voi, Mkamba mwenye mabega mapana na asiyejua kucheka hata akitekenywa. Akashika mti wa nyuma. Kisha akawatazama Wazungu watatu, akawangoja. Wakacheka kwanza. Mwenye kamera akaiweka chini, wakatazamana, na Bwana Rula akaona hana pa kutokea mbele ya watu wote wale. Wakashika.

Kwenye ngazi waliniinamisha, kichwa kikashuka, miguu ikapanda. Nikapiga kelele, na hazikuwa za kuigiza. Wakapita katikati ya magogo, ubavu wa kitanda ukagonga gogo likaanguka. Wanawake wakapaza sauti, "Nguzo ya Bwana!" Wakaingia kwenye ujia. Kona ya kwanza, Bwana Rula alikuwa mbele. Akakunja. Mti ukamsukuma ubavuni, akarudi hatua moja, akakanyaga jivu.

"Umegonga ukuta, Bwana," Crispus akasema kwa Kiingereza, taratibu, akaandika.

Wakarudi nyuma, wakajaribu kuninyanyua juu, wakajaribu kuniinamisha. Mutiso alishikilia tu mti wake, jasho linamtoka. Bwana Rula akakanyaga mara ya pili.

"Ukuta," akasema Crispus.

Mara ya tatu akakanyaga kwa miguu yote miwili, viatu vyake vyeupe kwa jivu, na uwanja mzima ukaitikia pamoja, watoto na wazee, "Ukuta!" Wakaniweka chini. Walikuwa wekundu na wanahema. Mimi nikajifunua shuka, nikakaa, nikasema kwa sauti yangu yote, "Mimi bado niko nje ya chumba, na mtoto amekwisha zaliwa. Nimwandikie nani barua anifutie kona?"

Mmoja wa wale wawili alitaka kutafsiriwa. Crispus akamtafsiria neno kwa neno. Yule hakucheka tena.

Bwana Rula alikuwa na hasira, lakini hakuwa mjinga. Alimvuta Crispus kando, nami nikawafuata, kwani nani angenizuia. Alisema kona zitaondolewa. Ngazi zitaondolewa. Ujia utanyooshwa kama ulivyokuwa. Lakini jina, hilo haliwezekani. Kanuni ni kanuni.

"Basi na mimi haiwezekani," akasema Crispus.

"Fikiria kazi yako, Crispus."

"Nimeifikiria."

Nilitaka kumbusu pale pale mbele ya watu, lakini si desturi yetu.

Barua ya kuachishwa kazi ilikuja kabla ya Krismasi. Haikutaja Chama, haikutaja jivu, ilisema ofisi inapunguza watu. Ilipunguza mmoja. Crispus akarudi Bura moja kwa moja, tukalima kabichi na nyanya, akawa anazipeleka Voi kuuza, akipita mbele ya majengo aliyoyachora. Mvulana wetu Hudson alikuwa amekwisha zaliwa, salama, huko huko Voi, na kila nikimnyonyesha nilifikiria wale wasio na mahali pa kungojea.

Sasa ninyi mnaomwona Crispus mpole mnasahau kuwa alizisoma kanuni zao kuliko wao. Jioni moja akaja na kitabu chao cha kanuni, akakifungua mbele yangu. Jengo la umma linahitaji muhuri. Lakini nyumba ya mtu ya kukaa, aliyojijengea mwenyewe kwenye shamba lake, haihitaji muhuri wa mtu yeyote.

"Sisi tuna shamba," akasema.

"Tuna shamba," nikasema.

"Na nyumba yetu inavuja."

"Inavuja vibaya sana, Baba Alice. Tunahitaji kubwa zaidi."

Tulijenga mwaka 1957, kwenye kipande chetu kilicho karibu na njia, kwa mawe yale yale ya kamati. Mutiso alitengeneza milango na madirisha, akalala kwetu miezi mitatu, akala ugali wangu bila kusifu hata siku moja. Mlango futi sita. Ujia umenyooka. Vyumba vitatu vya mbele na chumba kikubwa cha mwisho chenye madirisha mawili. Sisi tulikaa kwenye chumba cha nyuma, karibu na jiko, sote wanne, na kila aliyeuliza aliambiwa ni nyumba ya Crispus Mwandawiro na mkewe, watu wanaopenda wageni. Shangazi Dinah akahamia na vyungu vyake. Mwaka ule watoto kumi na tisa walizaliwa kwetu, na hakuna mama hata mmoja aliyefungwa kwenye kitanda kushushwa barabarani.

Chama kikasikia. Mwezi wa tatu 1958 akatumwa afisa wa serikali kutoka chini, Mzungu kijana, na fomu mkononi. Kama ni nyumba ya mtu, angeiandika hivyo. Kama ni hospitali iliyochorwa na mtu asiyeandikishwa, angeifunga siku hiyo hiyo. Alikuja mchana, nami nikampokea mlangoni, Crispus akitutafsiria.

"Huyu ni nani?" akauliza, akimwonyesha mama aliyelala chumba cha kwanza.

"Mgeni wangu."

"Na huyu?"

"Mgeni wangu."

"Vitanda sita vya nini?"

"Mume wangu hulala vibaya. Huhamahama."

Akaniangalia. Akamwambia Crispus waketi nje wazungumze kiume. Nikaketi nao. Akasema Chama hakitaki ubaya. Kimetoa njia. Crispus atie sahihi kwamba alinakili ramani ya Bwana Rula, tu, na nyumba itapigwa muhuri kuwa zahanati halali. Italetewa dawa. Italetewa muuguzi wa kulipwa. Aliweka karatasi gotini mwa mume wangu, na kalamu juu yake.

Dawa. Muuguzi. Nilimwangalia Crispus, nikaona amenywea, amekonda kwa mwaka na zaidi wa kubeba nyanya. Safari hii sikumwambia tia wala usitie. Nilikuwa nimekwisha kumchagulia mara moja.

Hakuwa amejibu tuliposikia watu njiani. Walikuwa wanampandisha Katuku, mke wa mfanyabiashara wa kule Miasenyi, aliyesikia sifa za Shangazi, akaletwa kwa lori mpaka chini ya mlima na kubebwa kutoka hapo. Wanaume walikuwa watatu. Wa nne alikuwa ameumia mguu kwenye mawe, na kitanda kilikuja kimelala upande, Katuku ameshikilia kamba kwa meno. Shangazi Dinah akatoka, mikono imelowa, akamwona yule afisa ameketi na fomu yake.

"Wewe kijana! Shika mti huo!"

Sijui alielewa Kiswahili kiasi gani. Alielewa hicho. Aliangusha fomu, akakimbia, akauweka mti begani. Nikaona kitanda kinanyooka. Walikuja mbio, wakapita mlangoni bila kupunguza mwendo, wakaushika ujia, wakafika chumba cha mwisho na kumshusha Katuku mahali pake kabla sijamaliza kusema asante Mungu. Hawakugonga kitu. Shangazi akawafukuza, akafunga mlango.

Afisa alitoka shati limelowa. Alisimama katikati ya ujia, akageuka, akatazama alikotoka, akatazama alikofika. Akaupima upana kwa mikono yake. Ndani tukasikia mtoto analia, na kuendelea kulia, mkali, hana mpango wa kunyamaza. Crispus alikuwa bado anashikilia ile karatasi ya Chama, akampa, haina sahihi.

"Hii sitii," akasema.

Yule kijana akaichukua, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Akaiokota fomu yake, akaipangusa, akaiweka ukutani ili aandike. Jengo: nyumba ya kukaa. Muhuri: hauhitajiki. Kisha akamgeukia mume wangu.

"Imechorwa na nani? Jina kamili."

Crispus akafungua mdomo na sauti haikutoka. Miaka yote ile ya kuchora nyumba za watu, na siku aliyoulizwa na mtu mwenye kalamu mkononi, akawa bubu, machozi yanamteremka tu. Basi nikasema mimi, kwa sauti yangu ile ile ya kugombana, mpaka waliokuwa wakilima ng'ambo ya bonde wakainuka.

"Crispus Mwandawiro! Andika!"

Akaandika.